Mafuta ya Saa ya Babu

“Mafuta yakiteleza sana, nini kitayazuia yasitoroke?” Mama aliniuliza. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikihoji kila kitu, lakini hilo sikuwa nimewahi kulihoji.

Saa ya ukutani ya marehemu babake ilikuwa imeanza kusuasua nyumbani kwetu mtaani Wabera. Mama aliogopa kwamba mafuta yasiyofaa yangeinyamazisha kabisa. Mjomba, dereva wa lori la mbuzi, akamletea oili ya injini.

“Dada, hii imenifikisha Garbatulla na kunirudisha. Itashindwa na saa?”

“Saa haibebi mbuzi,” Mama akamjibu.

Hakubishana zaidi. Aliweka kipande cha kioo dirishani, akadondoshea tone la oili hiyo, la mafuta ya kupikia na la mafuta ya cherehani, kisha akayaachia jua na vumbi. Wiki chache baadaye ya kupikia yalinata kama gundi, ya cherehani yalikuwa yametambaa kote, na oili ilibaki nzito vilevile. Akayakataa yote. Nilimtazama kwa fahari: kumbe tabia yangu ya kuhoji kila kitu niliirithi kwake.

Aliagiza Nairobi kichupa cha mafuta ya saa. Tone lake lilitulia juu ya kioo, mviringo kama shanga. Ndipo akakubali kuifungua saa, akaipangusa, akaitia mafuta kidogo kidogo kwa ncha ya sindano. Ikaanza kutembea sawasawa.

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba kila tundu linaloshika mhimili wa gurudumu la saa huchongewa kishimo mdomoni, na kazi ya kishimo hicho ni kulizuia tone lisitoroke.