Mama Nakala Agoma Kufungua

Walimwengu wote wanaarifiwa, wakiwa wamekaa ama wamesimama, kwamba ofisini kwetu yupo shujaa. Anavaa kandambili chini ya meza. Tunamwita Mama Nakala, maana kila jioni ndiye anayehifadhi nakala za kompyuta zetu, zisije zikaungua tukabaki kutazamana. Utaratibu wake ni mmoja: kila mtu anafunga mafaili yake binafsi kwa nywila yake mwenyewe kabla nakala haijachukuliwa. Yeye anatunza mzigo asioujua.

Jumatatu bosi alimjia amevimba. Alishuku kwamba dada wa mapokezi anaomba kazi kwingine, akataka mafaili yake yafunguliwe. Ikiwa kweli, angemfukuza siku hiyo hiyo.

“Nakala ninayo, bosi. Nywila anayo mwenyewe.”

“Wewe ndiye fundi, tafuta njia!”

“Sawa. Ila njia ikipatikana, itafungua ya kila mtu. Nianze kuijaribu kwa mafaili yako?”

Bosi alinywea kama puto lililotobolewa. Ghafla akakumbuka kikao, ambacho hakikuwepo, akaondoka. Dada wa mapokezi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akarudi kwenye simu zake.

Sisi vifua vilitujaa utadhani tuliokataa ni sisi. Tulimzunguka Mama Nakala, tukapiga makofi, tukamuuliza alitoa wapi moyo wa kutetea siri za wanyonge.

“Wanyonge gani, jamani? Mwaka juzi, kabla sijaweka utaratibu wa nywila, nilifungua faili la mhasibu kwa bahati mbaya, nikakuta mashairi yake ya mapenzi. Sirudii.”