Walioitikia Amin

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri mrefu na subira, na akanitoa salama katika nyumba ile. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Tabora, mtaa wa Cheyo. Sikuota, wala sikusimuliwa na mtu.

Mimi na mke wangu, Bi Zuhura, tumepanga vyumba maisha yetu yote. Mwaka juzi aliniambia, "Mume wangu, siku yangu ikifika nataka nitolewe mlango wa kwangu, si wa mwenye nyumba." Maneno yale yaliniingia. Nikauza vyerehani vyangu na shamba langu la Lusu, nikaanza kutafuta.

Dalali akanipeleka kwenye nyumba moja kongwe yenye kuta nene za udongo na milango ya mninga. Bei ilikuwa ya chini mno.

"Mzee wangu, humu ukilala mara moja, hutaki kuamka," akasema huku akicheka.

Vyumba vyote vilikuwa na sakafu ya udongo, isipokuwa kile kikubwa, kilichopigwa saruji mpya. Nikauliza kwa nini.

"Mchwa tu, mzee."

Nikaamini.

Tukaahidiana kuandikishana kesho yake mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Jioni ile nikaomba ufunguo ili niswali istikhara mle ndani, Mola anionyeshe kama nyumba ina heri nami. Adhana ya magharibi ikanikuta humo. Nikafunga mlango kwa komeo, nikatandika mswala juu ya saruji, nikaanza na faradhi.

Nikasoma Alhamdu kwa sauti. Nilipofika mwisho nikasema, "Amin."

Nyuma yangu wakaitikia. Si mmoja. Ni safu nzima, sauti nzito za wanaume waliochoka: "Aaamin."

Niamini, ndugu yangu. Ungefanya nini? Nilitaka kukimbia, nikaogopa kuikata swala. Niliporukuu, niliwasikia nao wakirukuu, magoti yakilia. Niliposujudu, saruji ilikuwa ya moto chini ya paji langu, kama kifua cha mtu mwenye homa. Ilikuwa ikipanda na kushuka.

Nikatoa salamu kuliani. Mtu alikuwa ameketi pale, bega limebonyea kwa kubeba mizigo, uso umejaa malengelenge ya ndui. Akasema kwa upole, "Umetusalisha vizuri, mzee. Ila umesimama juu yetu."

Sijui nililifunguaje lile komeo. Nje, bibi wa nyumba ya jirani alikuwa akiwasha jiko barazani. Alinitazama, akauliza, "Na wewe wamekuitikia?"

Kisha akanieleza. Walikuwa wapagazi wa misafara ya zamani. Ndui iliwaulia mle ndani, wakazikwa humo humo, saba kwa safu moja. "Makaburi tulikuwa tunayaona kwenye sakafu," akasema. "Mwenye nyumba kayapigia saruji apate kuuza."

Nikaenda kumweleza Bi Zuhura. "Basi tuache," akasema. "Wale hawakufika kwao. Tusiwanyang'anye na hapo walipo."

Bado tumepanga, alhamdulillahi. Magharibi siswali tena peke yangu. Na hata msikitini, tukifika Amin, najikuta nahesabu sauti.

Wewe unayetafuta nyumba, usiridhike na maneno ya dalali. Muulize jirani mkongwe kuliko wote ni nini kiko chini ya sakafu. Mola akuruzuku makazi yenye amani, uingie kwa heri na utoke kwa heri. Itikia Amin. Lakini kama uko peke yako chumbani, itikia moyoni.