Mwalimu Aliyefua Jumapili

Harufu ya sabuni ya mawese ikinikuta Jumapili asubuhi, hata leo nikiwa mtu mzima mwenye nyumba yangu, nageuka kwanza kuangalia kama kuna anayeniona. Siku nyingine ni harufu ya nguo tu. Jumapili ni harufu ya kosa. Kijijini kwetu, njia ya kwenda Titye ukitokea mji wa Kasulu, nguo zilifuliwa Jumamosi, zikakauka Jumamosi, na jioni yake zikapigwa pasi ya mkaa. Jumapili kamba zote za kuanikia zilikuwa tupu isipokuwa moja, na hiyo ilikuwa ya Mwalimu Bukuru.

Alihamishiwa shuleni kwetu mwaka 2013, nikiwa darasa la tano. Angekuwa mtu wa kuja, kutoka mikoa ya mbali, tungesema ni mambo ya kwao, tukamwacha. Lakini alikuwa Muha kama sisi, mzaliwa wa Kibondo, aliyejua kupiga makofi taratibu na kuwaambia wazee "Mwidiwe" kwa unyenyekevu wote. Hilo ndilo lililotutia shaka. Mtu anayekusalimia vizuri namna hiyo amekosaje Mungu?

Sisi hatukumgundua. Alijitaja mwenyewe. Katika mkutano wa wazazi, mwalimu mkuu alimtambulisha, kisha akamwomba afungue kikao kwa sala. Mwalimu Bukuru alisimama, akafuta miwani yake kwa ncha ya shati.

"Naomba mwingine atusaidie," alisema. "Mimi sina dini."

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni utani wa walimu. Hakucheka.

"Hukubatizwa?" aliuliza Mzee Gervas, katekista wa kigango chetu.

"Nilibatizwa, mzee. Hata ekaristi nilipokea. Ila siamini."

"Mana yanje!" mwanamke mmoja alimwita Mungu wake kwa Kiha, akamvuta mtoto wake karibu kama vile mvua imeanza. Mzee Hamisi, mwenye duka, ambaye alikuwa Mwislamu na kwa kawaida hakuingilia mambo ya kanisa, alikuna kidevu akauliza swali ambalo kijiji kililizungumza mwezi mzima: "Sasa, Mwalimu, samahani. Ukifa tunakuzika upande upi?"

"Mzee Hamisi, nitakuwa nimekufa. Chagueni nyinyi."

Tangu siku ile alikuwa mtu wa kutazamwa, na hakuna aliyemtazama kama mimi. Nilikuwa mtoto wa kuchunguza. Nilijua ni nani anakopa chumvi kwa nani, na kuku wa nani anataga kwa jirani. Mama yangu, aliyekuwa kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ya sala, hakunituma waziwazi, lakini kila nilipokwenda kisimani aliniambia, "Skola, pitia njia ya juu," na njia ya juu ilipita mbele ya nyumba ya Mwalimu. Nikirudi aliuliza juu ya maji kwanza, halafu juu ya Mwalimu.

Nilichokiona kilinisikitisha kwa udogo wake. Alipika ugali. Alisahihisha madaftari. Alisikiliza redio akiwa amekunja miguu juu ya kiti. Siku ya kipindi cha dini, Wakatoliki tulipoingia darasa la tano, Waanglikana la nne, na Waislamu wachache wakakaa karibu na stoo, yeye alibaki ofisini akichonga penseli za shule nzima. Nilingoja afanye kitu kiovu, na kadiri alivyokosa kukifanya ndivyo nilivyoamini kwamba anakificha.

Kisha kuku wakaanza kufa. Kideri kilipita nyumba kwa nyumba, tukala nyama mpaka tukakinai, na tukafukia mizoga mingine. Kuku wa Mwalimu hawakufa hata mmoja. Nilikumbuka kwamba wiki chache nyuma nilimwona akimshika kila kuku kichwa na kumtia tone jichoni kutoka kwenye kichupa. Nilimweleza Mama. Mama aliacha kuchambua maharage. "Jichoni?" aliuliza mara mbili. Kufikia Jumapili kanisa lote lilijua kwamba Mwalimu hutia kuku wake dawa machoni ili wasione kifo kinapopita. Kwamba ilikuwa chanjo iliyouzwa mjini, na kwamba alikuwa amewaambia majirani wakanunue wakakataa kwa sababu ni yeye aliyewaambia, hayo niliyajua nikiwa sekondari.

Mwaka huohuo tulimpoteza mdogo wangu Eliya. Alikuwa na miaka miwili. Malaria ilimchukua kwa siku tatu. Nyumba ilijaa watu na kila mmoja alikuja na neno lake. Mungu amempenda zaidi. Mungu amechuma ua lake. Mzee Gervas alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Baba alikaa kwenye mkeka akitikisa kichwa kwa kila mmoja, kama mtu anayepokea mizigo asiyokuwa na pa kuiweka. Makaburini Mwalimu Bukuru alisimama nyuma kabisa. Tulipoambiwa tufumbe macho hakufumba. Najua, kwa sababu na mimi sikufumba. Sala ilipokwisha alimjia Baba, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Pole, Baba Skola. Sina neno." Baba hakuuachia ule mkono upesi.

Wiki zilizofuata, shangazi wa Baba alilazwa hospitali ya Kabanga, na Baba akawa anatoka na baiskeli kila Jumapili kwenda kumwangalia. Mama alimfungia viazi na kumwambia asisahau kusali huko.

Jumapili moja, wakati wa mahubiri, nilitoka kanisani kama anayekwenda chooni, nikapita njia ya juu. Lengo langu lilikuwa kumkamata Mwalimu akifanya lile analolifanya sisi wote tukiwa ndani. Nilichuchumaa nyuma ya uzio wa minyaa. Nguo zilikuwa zinadondosha maji, harufu ya sabuni imetanda uani. Baiskeli ya Baba ilikuwa imeegemezwa ukutani, na mfuko wa viazi ukining'inia kwenye usukani.

Walikuwa wamekaa kwenye vigoda wakimenya karanga. Baba alikuwa akisimulia jinsi Eliya alivyokuwa akimwita jogoo wetu "mjomba." Alikuwa analia. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia, hata msibani, na hapa alilia bila kuficha uso, huku mikono yake ikiendelea kumenya. Mwalimu hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia Mungu anajua. Alimenya tu, na karanga alizomenya akazitia kwenye bakuli la Baba.

Mtu mwingine angeona marafiki wawili. Mimi niliona mtu anarogwa. Sikuamini kwamba Baba angeweza kulia namna ile kwa hiari yake. Nilirudi kanisani mbio, nikaikuta sadaka ya pili, nikasali kwa bidii kuliko siku zote.

Tulipotoka, paneli ya sola iliyokuwa juu ya nyumba ya katekista, iliyotupa umeme wa kipaza sauti, haikuwepo.

Hesabu ya kijiji ilikuwa nyepesi. Kijiji kizima kilikuwa ndani, Waanglikana wakiwa kwenye kanisa lao. Mwizi ni aliyekuwa nje. Jumatatu mtendaji wa kijiji aliwaita ofisini wote waliokosekana kanisani. Waislamu walikuja na Mzee Hamisi, na wazee wawili wagonjwa walikuja wakikokota miguu. Baba hakuitwa, kwa kuwa kila mtu alijua yuko Kabanga. Alikuja kama wengine, kusikiliza, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

Desturi yetu ilikuwa hii: Biblia ya Mzee Gervas, yenye jalada la zipu, ilifunguliwa mezani, unaweka mkono, unasema ulikuwa wapi na nani. Kwa Waislamu Mzee Hamisi alileta msahafu wake ukiwa umefungwa kwenye kitambaa safi. Watu walipita mmoja mmoja, mpaka ikafika zamu ya Mwalimu.

"Weka mkono, Mwalimu," alisema mtendaji.

"Nikiuweka nitakuwa nimeanza kwa kuwadanganya. Niulizeni tu, nitajibu."

"Anaogopa!" mtu alipiga kelele dirishani. "Kitabu kitamuunguza!"

"Nyamaza weye!" mtendaji alimkemea. "Mwalimu, ulichukua sola?"

"Hapana."

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Na nani?"

Niliyaona macho yake yakienda mlangoni na kurudi, upesi sana. "Hilo sitajibu," alisema.

Kelele zilizopanda zilinifanya nimshike Mama khanga. Anamficha mwenzake! Ana kundi! Ndipo Mzee Gervas alipoinua mkono. "Skola alitoka nje wakati wa mahubiri. Na sote tunajua huyu mtoto hupenda kupita kwa Mwalimu. Njoo, mwanangu. Uliona nini?"

Waliniweka mbele ya meza. Jalada la Biblia lilikuwa na baridi chini ya kiganja changu. Nilimtazama Baba. Nikisema, Mama atajua kwamba viazi vyake havikufika Kabanga, na kanisa zima litajua kwamba mume wa kiongozi wa jumuiya huacha Misa kwenda kulia kwa mtu asiye na Mungu. Nisiposema, Mwalimu hana shahidi. Nilimtazama Baba nikimsubiri. Baba alitazama kofia yake.

"Alikuwa peke yake," nilisema. "Alikuwa anafua."

"Ulimwona muda wote?"

"Kidogo tu. Alikuwa peke yake."

Mtendaji alimgeukia Mwalimu. "Ni kweli asemavyo mtoto?"

Mwalimu Bukuru alivua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa wa kijana kuliko nilivyodhani. Alinitazama, bila hasira, kama alivyonitazama nilipokosea hesabu ubaoni mbele ya darasa.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa peke yangu. Mtoto hakosei."

Walimpeleka polisi Kasulu mchana ule. Alikaa siku mbili, wakamwachia kwa kukosa ushahidi, lakini kwetu kukosa ushahidi hakukuwa na maana kubwa. Alikuwa hana wa kumtetea mbinguni wala duniani. Wazazi waliandika barua. Muhula ulipokwisha alirudishwa Kibondo. Paneli haikupatikana. Wengine walisema iliuzwa kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wengine walisema Mwalimu yuko nayo, na mpaka leo ukiuliza utaelekezwa njia hizo mbili.

Na mimi? Ningependa kusema nilijuta. Nilichohisi zaidi ni woga, kwa kuwa nilikuwa nimesema uongo na mkono wangu juu ya kitabu. Ilikuwa majira ya radi, na radi za kwetu hazina mchezo. Kila wingu lilipoguna niliingia mvunguni, na Mama, asiyejua lolote, alinisifu kwa watu kwamba nina hofu ya Mungu. Radi haikunipiga. Nilipoona haikunipiga nilijipa maelezo: mwenye dhambi kubwa zaidi ni Mwalimu. Si alisema hawezi kuanza kwa kutudanganya? Na dakika chache baadaye akasema alikuwa peke yake, nami najua hakuwa. Basi ni kama Mama alivyozoea kusema: mtu asiye na Mungu hudanganya bila jasho. Nilitembea na ushahidi huo miaka mingi nikiuona hauna tundu.

Tundu nililiona nikiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, siku moja nikiwa kazini kwangu, nikimsikiliza mtu akikataa kumtaja mwenzake. Nilielewa ghafla kwamba "hilo sitajibu" lilikuwa jibu la Mwalimu mwenyewe, na angebaki nalo. Kilichomtoa kwenye jibu hilo ni mimi. Angesema "sikuwa peke yangu," macho yote yangegeukia mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyeapa uongo mbele ya kijiji chake, na nyuma ya mtoto huyo, baba yake.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani. Baba amezeeka, tangu mwaka ule hajakosa Misa hata moja, hukaa benchi la mbele na huimba kuliko wanakwaya. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Nikakaa, nikashika hindi moja, nikamwambia kwamba siku ile nilimwona kwa Mwalimu.

Hakushtuka. Alipukuchua mpaka hindi likaisha.

"Nilikuwa nimejiandaa," alisema. "Nilijisemea, Mwalimu akinitaja tu, nakubali mbele ya wote. Nikasimama pale mlangoni nikingoja anitaje."

"Hakukutaja."

"Hakunitaja, mwanangu."

Nilitaka kumuuliza kwa nini alihitaji kutajwa. Lakini mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, mkono juu ya kitabu, nikingoja yeye aanze. Nikachukua hindi jingine.