Panya wa Toi na Feya ya Baba

Mama alipofariki, baba alihama kutoka Magharibi akaja kuishi nami Kabiro, Kawangware. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo, redio, na feya yake. Wengine huiita manati. Panda yake ilikuwa ya mti wa mpera, nyeusi na laini kwa miaka mingi ya kushikwa. Mipira ilikatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na kile kipande cha ngozi cha kushikia risasi kilikuwa ulimi wa kiatu. Nyumbani aliitumia kufukuza ndege kwenye mtama na kuwapiga kindi waliofukua njugu. Sikuwahi kuigusa nilipokuwa mdogo. Ilikuwa ya ndugu zangu, nao hawakuipenda.

Wakati huo nilikuwa nauza nafaka katika soko la Toi, na mpaka leo nauza: maharagwe, ndengu, njahi, mahindi ya githeri. Mwenye nafaka ana panya. Walitoboa magunia kutoka chini, hivi kwamba ukiinua gunia asubuhi maharagwe yanamwagika kwenye miguu yako. Nilijaribu mtego, wakaujua baada ya siku tatu. Sumu niliiacha baada ya paka wa ploti yetu kula panya aliyelishwa sumu na jirani. Alikufa mlangoni pangu akitoka povu. Isitoshe, siwezi kuweka sumu karibu na chakula ninachouzia watu.

Nilimweleza baba haya yote tukinywa chai. Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili na aliniona kama kivuli tu. Akanyoosha mkono chini ya kitanda, akatoa feya, akaiweka juu ya meza.

"Mimi siwezi tena," akasema. "Lakini wewe una macho, mama."

Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake.

Nilijifunzia uani, kwenye kamba ya nguo. Nilining'iniza vifuniko vya soda, nyuma yake nikaweka blanketi kuukuu ili risasi zisiruke. Majirani walicheka. Mwanamke mzima, na leso kiunoni, anavuta feya! Baba alikaa kwenye kigoda akisikiliza. Alijua kwa sauti kama nimepiga kifuniko au blanketi.

"Unaachilia haraka. Vuta mpaka kidole gumba kiguse shavu. Halafu ngoja."

"Ningoje nini?"

"Ngoja mkono ukubali."

Hakutaka nitumie mawe. Alifinyanga vidonge vya udongo, vidogo kama njugu, akavikausha juu ya jiko. Kidonge cha udongo kikigonga bati hupasuka kikaisha hapo hapo. Jiwe hurudi, na huwezi kujua litarudi wapi.

Nilikuwa nikifika Toi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wenye mitumba kufungua marobota. Panya hawakatizi katikati ya kibanda. Hupita kando ya ukuta, hukimbia, husimama, huinua pua, hukimbia tena. Unampiga anaposimama. Baba alinifundisha nisimtazame panya mzima, nitazame sikio peke yake. Wa kwanza nilimpata wiki ya pili. Nilimwokota kwa mkia kwa kipande cha gazeti. Alikuwa na joto bado, na ndevu zake zilikuwa na unga wa mahindi. Nilitarajia kusikia furaha, au huruma. Nilichosikia ni kwamba sasa najua. Nikamtupa jalalani, nikanawa mikono, nikafungua magunia.

Baada ya miezi michache wenzangu kwenye laini yetu ya vibanda walianza kuniita. Nilikwenda kwa muuza unga na kwa yule wa viazi, kila mmoja asubuhi yake. Sikuwa hodari sana. Nilikosa mara nyingi kuliko nilivyopata. Lakini nilipenda ile dakika ya kutulia, pumzi imeshikwa, soko lote kimya.

Msimu wa mvua vidonge vilikataa kukauka. Vilipasuka mkononi. Siku moja nilipita mahali wanapojenga, nikaokota kokoto kiganja kizima nikazitia mfukoni. Sikumwambia baba.

Asubuhi iliyofuata panya alisimama kwenye mguu wa chuma wa meza yangu. Nikavuta, nikaachilia. Nikasikia chuma kikilia, halafu sauti ya mtu.

Ng'ambo ya njia alikuwa mama mmoja wa kutoka upande wa ziwa, muuza omena, wale dagaa wadogo. Alikuwa amefika mapema kuliko kawaida yake, ameinama kufunua beseni. Nilipomfikia alikuwa ameketi chini, kiganja usoni, damu ikipita katikati ya vidole.

"Umenigonga jicho! Wewe mama, umenitoa jicho!"

Nilimtoa mkono kwa nguvu. Nyusi ilikuwa imepasuka. Jicho lilikuwa zima chini ya damu, likinitazama. Nikamfunga kwa leso yangu, tukaenda zahanati tukiwa tumeshikana. Alishonwa nyuzi tatu. Njia nzima ya kurudi nilisema pole mpaka ikaisha maana.

Mwenyekiti wa laini alitaka ile feya ichomwe. Nilimweleza baba jioni hiyo. Akauliza swali moja.

"Ilikuwa udongo?"

"Ilikuwa kokoto."

Kesho yake alitembea nami mpaka Toi, mkono begani mwangu, akipapasa njia kwa fimbo. Hakuwa amewahi kufika. Akaomba apelekwe mbele ya mama wa omena.

"Mama, kosa ni langu," akamwambia. "Nilimfundisha kupiga. Sikumfundisha kuacha."

Mama wa omena alimtazama, bendeji imefunika nusu ya uso. "Mzee, mimi nina watoto wanne. Haya macho ndiyo yanawalisha."

"Najua. Yangu yalinitoka polepole, na hata hivyo niliumia."

Hapo mama huyo akamvutia mtungi wa plastiki aketi. Walizungumza kwa muda mrefu, hasa kuhusu macho. Mama wa omena ndiye aliyemwambia mwenyekiti aache habari ya kuchoma. Akaweka masharti: udongo pekee, nipige nikiwa nimeipa njia mgongo, na kabla ya kuvuta nipige mluzi. Mluzi huwakimbiza panya wengi. Nimeukubali hivyo hivyo.

Baba alininyima feya wiki kadhaa, akilala nayo chini ya mto. Sikuiomba. Jua liliporudi nilimkuta akifinyanga vidonge.

Mwaka uliofuata madaktari walikuja kanisani kupima macho ya wazee, na baba akafanyiwa upasuaji. Walipomfungua bendeji alitazama ukuta, akatazama redio, halafu akanitazama mimi kwa muda, akasema nimezeeka. Jumamosi hiyo alitaka kuniona nikilenga. Nilining'iniza kifuniko, nikavuta, nikakipiga.

Baba alikuja akazunguka mbele yangu.

"Unaishika kombo," akasema. "Miaka miwili hii yote, unaishika kombo."

"Si wewe ulinifundisha?"

"Nilikuwa nasikia tu." Akaurekebisha mkono wangu. Nikavuta tena, nikakosa. Nikakosa tena. Akafikiri, akanirudishia mkono palepale ulipokuwa.

"Basi acha hivyo hivyo," akasema, akarudi kwenye kigoda chake.