Gari la Umeme la Kaka Salim

Kaka yangu Salim ndiye aliyetuapia kwamba gari la umeme kama lake halipo jingine Tanga nzima, nami mjinga nikaamini. Jumamosi nilimngojea barabarani Makorora mpaka nikachoka, na wageni wa posa ya binti yangu Zuhura walikuwa njiani. Mara gari la umeme kama lake likasimama, nikajitupa kiti cha nyuma. Mbele alikaa mwanamke wa buibui, nikajua ni wifi.

"Wifi, watu wenyewe nasikia wana maringo," nikafoka. "Na mama yake bwana harusi ndiye balaa lenyewe."

Mwanamke akageuka. Sikumjua, wala dereva hakuwa Salim.

"Tulisimama kuuliza njia," akasema kwa upole. "Kwa mama Zuhura ni wapi?"

"Shikamoo," nikasema. "Ni mimi."