Nilimusingizia Mama Mukwe Juu ya Pombe ya Fût

Mbele munihukumu, munisikilize kwanza. Nilidanganya watu, na uwongo nikaubebesha mama mukwe, mutu ambaye hakukuwa na kosa.

Mama mukwe anapika pombe ya mahindi hapa Kisangani tangu zamani. Anauzisha kwa bidon, madumu ya plastiki, na watu wanatoka mpaka Kapalata kuifuata. Mimi nikanunua fût, pipa ya chuma, ile ya bar, na robinet ya kutolea pombe na chupa ya gaz. Nilitaka pombe yetu itoke baridi, povu juu, sawa kwa hoteli.

Siku ya mahari ya shemeji yangu, binti mudogo wa mama, ikafika. Mama akaniambia mimi mukwe wake: "Bokilo, hii pombe inachemuka bado, inatoa povu. Usiifunge kwa fût, wageni watakunywa ya bidon. Ngoja siku mbili."

Nikajibu: "Ndiyo, mama." Alipoenda soko, nikajaza fût, nikafunga, nikaongeza na gaz. Nilijiona ingénieur.

Wageni wakatoka Banalia. Nikamualika tonton, mujomba mwenye kusemea upande wa bwana-arusi aonje wa kwanza. Alivaa koti nyeupe. Nikafungua robinet.

Bon, robinet yenyewe iliruka. Povu ikamupiga tonton kifuani, ikapanda kwa dari, ikashukia sahani ya pondu, mboga ya majani ya muhogo.

Wote wakaniangalia. Haya ikanishika, nikasema: "Ni pombe ya mama. Aliipika mubaya."

Mama aliingia ndani kutafuta kitambaa cha kupanguza tonton.

Habari ikatembea kwa mutaa: pombe ya yule mama inapasuka. Wanunuzi wakakatika. Kila asubuhi niliona mabidon yake yamejaa kwa baraza, na yeye alinisalimia sawa mutu wa barabarani. Hata bibi yangu, binti yake, aliacha kunichekea.

Kiisha wiki mbili nikashindwa kuvumilia. Nikamuomba mama twende naye kwa tonton.

Nikasema mbele yao: "Tonton, mama alinikataza. Ni mimi nilifunga fût pombe ikichemuka bado."

Tonton akacheka mpaka machozi. "Nilijua. Macho yako siku ile ilikuwa ya mwizi wa kuku. Lakini pombe ilikuwa tamu. Nililamba mukono ya koti yangu."

Mama akashika mudomo, akacheka pia. "Bokilo," akasema, "kesho utatembea kwa mutaa nyumba kwa nyumba, uwaambie hivyo hivyo."

Nilitembea. Walinicheka, halafu wakarudi na mabidon yao.

Donc wewe mwenye kuanza na fût: ngoja pombe itulie kabisa, gaz uweke kidogo kidogo. Na kama inakurukia mbele ya wageni, sema "ni mimi" pale pale. Povu unapanguza na kitambaa. Jina ya mutu, unaisafisha na miguu, nyumba kwa nyumba, jua kali.