Choo cha Mtoto, Chenye Mfuniko

Enzi zetu wasomi walikuwa wasomi kweli. Mtu akihutubia saa nzima ukamwelewa, ulianza kushuku kwamba huyo hakusoma vizuri. Sisi tuliokulia kambi ya mkonge pale Mnyuzi, Mwingereza akiwa bado ndiye bwana wa kila kitu, tuliiona elimu ya namna hiyo kwa macho yetu.

Tulicheza rede peku kwenye matope nyuma ya nyumba za kambi, harufu ya mkonge uliosindikwa ikituganda mpaka kwenye nywele, kisha tukakimbilia ugali wa bada na tembele kabla mama hajaita mara ya pili. Viatu tuliviona kwa nyapara. Vijana wa leo wana viatu maalumu vya kukimbilia, ila kukimbia kwenyewe hawakimbii.

Mdogo wangu Hadija alikuwa hashikiki kwa kukwepa mpira. Mwaka mmoja akaanza kuchoka. Viganja vikawa vyeupe, uso ukavimba, na mara kwa mara tulimkuta kwenye kichuguu akila udongo. Kila mtu alijua ni safura. Dawa yake alikuwa nayo Bwana Afya wa Korogwe, na hakumpa mtu kabla ya kumpima.

Akaja, soksi mpaka magotini, na darubini yake kwenye sanduku la mbao. Alitueleza juu ya viumbe wasioonekana kwa macho matupu, wapenyao tabaka la nje la ngozi ya unyayo. Tukatazama nyayo zetu, hatukuona kitu, tukaridhika. Mwisho akapunguza sauti, maana alikuwa mtu wa adabu na mbele yake walikaa wazee na wakwe zao.

“Jumatatu kila mwenye mgonjwa aniletee choo cha mtoto. Kidogo tu, na kiwe na mfuniko.”

Akauliza kama tumeelewa. Tukaitikia kwa pamoja kwamba tumeelewa sana.

Baba alikuwa seremala. Kwa siku tatu alijenga choo cha mtoto: kijumba cha miti ya mkonge kilichofika kiunoni, paa la nyasi, tundu la kumtosha Hadija, na mfuniko wenye mpini. Jumatatu akakibeba kichwani mpaka zahanati, majirani wakimsifu njia nzima. Wengine walifika mikono mitupu, wakaomba radhi kwamba wao bado wanachimba.

Bwana Afya alidhani anadhihakiwa. Akaandika kwenye daftari kwamba watu wa kambi ile ni wakaidi na hawataki kupimwa, akafunga sanduku lake, akasema atarudi mwezi ujao. Kosa lilikuwa letu, bila shaka. Tulikielewa Kiswahili chake jinsi alivyokisema.

Alipoondoka, dresa wa zahanati, mfunga vidonda, kijana wa Mpale aliyeishia darasa la nne, alimsogelea mama.

“Shikamoo mama. Usinione mkosefu wa adabu. Anataka mavi. Mavi ya Hadija, yanatosha kwenye kiberiti.”

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwomba dresa dawa, naye akamwonyesha kabati lenye kufuli. Ufunguo ulikuwa umekwenda Korogwe. Mwezi ule ulikuwa mrefu, na Hadija hakuumaliza. Baba alikivunja kile kijumba kwa shoka. Mpaka leo naumia nikikumbuka jinsi alivyokuwa amekipiga msasa, kisije kikamchoma mtoto.

Siku hizi naishi Chanika, na wataalamu wanatujia na vipaza sauti na picha za ukutani. Wanasema “vimelea nyemelezi” na “mnyororo wa maambukizi”, vijana wanawarekodi kwa simu, watu wanapiga makofi, kila mtu anarudi kwake kuulizana kilichosemwa. Mimi sipigi makofi. Nasimama, namwomba bwana mkubwa arudie, aseme kwa maneno ambayo mtoto wa miaka saba angeyaelewa. Wajukuu zangu huona aibu, wananivuta khanga nikae.

Hadija alikuwa na miaka saba.